Niliandika Jina la Armel

Wiki iliyopita nilikomea pale Madatali alipokata simu. Kwa waliolikosa gazeti, nayarudia maneno yake: "Jumamosi mkishinda, nasaini barua. Mkifungwa au mkitoka sare, Mholanzi atafute timu nyingine."

Mholanzi ni mume wangu, Gerben Hoekzema. Mimi namwita Baba Mélissa. Alikuwa mshambuliaji kwao, goti likavunjika, akawa kocha. Klabu tatu za Uholanzi zilimfukuza. Akaja kufundisha Bujumbura, tukaoana. Vita vilipoanza tukaja Toronto kwa mkataba wa Madatali, mzaliwa wa Mwanza mwenye duka la mazulia na mapazia huku Scarborough, na timu ya mpira aliyoiita Nyanza kwa kukumbuka kwao.

Na barua ni hii. Vibali vyetu vya kukaa Kanada vilikuwa vinakwisha mwisho wa Septemba 1996. Idara ya uhamiaji ilitaka barua ya mwajiri kuthibitisha kwamba kocha bado ana kazi. Bila barua hiyo Baba Mélissa angerudi Uholanzi, na binti yetu angekwenda naye, kwa kuwa ana pasi ya baba yake. Mimi nina pasi ya Burundi. Cheti chetu cha ndoa kiliungua pamoja na ofisi ya komuni, serikali ya mtaa wetu, na ubalozi wa kina Baba Mélissa ulikwisha kuniambia kwamba ndoa isiyo na cheti hawaijui. Kwetu jeshi lilikuwa limepindua serikali mwezi wa saba. Huko ndiko ningerudishwa, bila mtoto.

Hayo mlikwisha kuyasoma. Leo naandika nilichokifanya mimi. Kuna dada mmoja wa Morogoro ameniandikia, anasema mume wangu ndiye mkosi wangu. Dada, soma kwanza.

Mtu angeniuliza wakati ule mume wangu ana kasoro gani, ningemjibu neno moja tu: hapendi washambuliaji.

Yeye mwenyewe msimu mmoja alifunga mabao ishirini na matatu. Timu ya taifa ikamwita mara moja, akakaa benchi dakika tisini na jezi mpya, hakuingia. Miezi mitatu baadaye kipa wa timu yake mwenyewe alimwangukia gotini mazoezini. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Hakucheza tena.

Alipogeuka kocha, kila klabu ilianza naye vizuri. Kisha anatokea kijana anayefunga, watu wanaanza kuliimba jina lake, na Baba Mélissa anamweka benchi. Timu inafungwa, kocha anafungasha virago. Ilikuwa hivyo mara tatu Uholanzi. Mara ya nne nilikuwapo mwenyewe: Bujumbura alimweka nje Léonard, mwenye mabao kumi na manne, na mashabiki wakalipiga mawe bati la nyumba yetu wiki nzima.

Nilimwuliza sababu. Alisema mshambuliaji anayeimbwa na watu harudi nyuma kukaba. Sikumwamini. Moyoni nilisema huyu bwana hawezi kuvumilia kumwona mwingine akifunga. Niliishi na wazo hilo miaka sita bila kulitamka, na wazo lisilotamkwa hukomaa.

Sasa njooni Ijumaa jioni, siku moja kabla ya mechi.

Tulikuwa tumemaliza kula. Mélissa alikuwa anafanya hesabu za shule mezani. Mimi nilikuwa na daftari, kwa sababu ndimi niliyekuwa katibu wa Nyanza. Nina stashahada ya uhazili niliyoipatia Tabora. Toronto ilinipa kazi ya kuogesha wazee kwa mshahara, na ukatibu wa timu bure.

Baba Mélissa alinisomea majina, mimi nikiandika. Kipa, mabeki, viungo. Tulipofika namba tisa akasema: "Brice."

Brice ni mtoto mwema, mrefu kama mlango. Mara ya mwisho kufunga ilikuwa mwezi wa tano, na bao lenyewe lilimgonga mgongoni likaingia. Namba tisa wa kweli alikuwa Armel, Mkongo wa Uvira, mpakiaji wa masanduku kiwandani, mwenye mabao kumi na moja katika mechi kumi na mbili.

"Na Armel?"

"Armel anapumzika."

"Anaumwa?"

"Mama Mélissa, mimi kocha. Wewe andika."

Nikaandika. Mélissa akainua kichwa, akauliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu, hajibu nacho, kama baba anataka kufungwa kesho. Baba yake akamwambia amalize hesabu.

Nilimkumbusha barua. Nilimkumbusha Septemba. Nilimwuliza kama anamwelewa Madatali au nimtafsirie kwa Kiholanzi. Akainuka, akakusanya sahani. Mume wangu asipotaka mazungumzo huosha vyombo, na jioni ile aliosha hata vilivyokuwa kabatini.

Jumamosi tulicheza mtaa wa Malvern, uwanja wa nyuma ya shule.

Kuna mambo mawili ya mume wangu ambayo lazima myajue hapa. La kwanza, siku ya mechi huuzunguka uwanja mara moja peke yake, mikono nyuma, taratibu, na hasemi na mtu mpaka filimbi ya kuanza. Alianza mazoea hayo akiwa mchezaji na hajayaacha. La pili, hataki kushika kalamu siku ya mechi, anaamini inaleta nuksi. Kwa hiyo mwanzoni mwa msimu alitia sahihi fomu zote za wachezaji, zikiwa tupu, akanikabidhi. Siku ya mechi kazi yangu ilikuwa kujaza majina kumi na moja na wachezaji wa akiba, na namba za kadi zao za usajili, kisha kumpelekea refa fomu iliyokwisha kusainiwa na kocha.

Ndivyo alivyoniamini.

Nilikaa ndani ya gari, fomu juu ya mapaja, daftari pembeni. Niliandika namba moja mpaka nane. Kwenye tisa kalamu ikasimama.

Niliona uwanja wa ndege. Nilimwona Mélissa amevaa koti lake jekundu, ameshikwa mkono na baba yake, wanakwenda mlango mmoja na mimi naonyeshwa mwingine. Nikatazama nje. Baba Mélissa alikuwa amefika kwenye kibendera cha kona ya mbali, mikono nyuma.

Nikaandika Armel. Nikaandika namba ya kadi yake. Nikamhamishia Brice kwenye akiba, na namba yake pia. Msiseme nilichanganyikiwa. Mwandiko ulikuwa safi, wa kupewa alama zote.

Nilikwenda kwa wachezaji nikamwambia Armel kocha amebadili mawazo.

"Mzee kaota nini leo?" akauliza, akicheka.

Nikamwambia avae jezi.

Refa akawapanga mstari, akawaita mmoja mmoja, akilinganisha sura na picha za kwenye kadi. Akamfikia Armel, akampitisha. Baba Mélissa alikuwa bado nyuma ya goli la pili, hakusikia kitu.

Alirudi benchi filimbi ilipolia. Akamwona Brice amekaa na koti. Akatazama uwanjani, akamwona Armel. Kisha akanitazama mimi.

Nami nikamtazama. Macho yale nilikuwa nimeyaandaa tangu asubuhi.

Dakika ya tatu akamwambia Brice apashe misuli. Nikajisemea: hata dakika tano hawezi kuvumilia. Brice hajavua koti, Armel akaruka katikati ya mabeki wawili, akapiga kichwa, mpira ukaingia.

Madatali alimkumbatia kocha shingoni mpaka miwani ikamtoka. Généreuse, mama wa Kikongo anayetuuzia mikate ya kukaanga kando ya uwanja, akapaza sauti kwa Kiswahili chake: "Kocha, huyu mtoto ulikuwa unatubakishia wa Noeli?" Watu wakaangua kicheko. Wengine wakaanza kuimba jina la Armel.

Baba Mélissa akampa Brice ishara akae. Naye mwenyewe akakaa. Mume wangu ni mtu wa kupiga kelele mechi nzima mpaka sauti inakauka. Siku ile hakusema neno mpaka mwisho. Wapinzani walisawazisha, hakusema. Armel akafunga la pili dakika ya themanini, hakusema. Nilimwangalia, nikaona ninachokijua: wivu.

Mbili kwa moja. Madatali alisaini barua juu ya boneti ya gari lake, kalamu ya dhahabu, watu wakimpigia makofi.

"Mholanzi, cheka basi," alimwambia. "Hapa si msibani." Kisha akanigeukia: "Mama Mélissa, chukua barua yako, usije ukasema mimi mtu mbaya."

Niliitia kwenye mkoba, nikaukumbatia mkoba kwa mikono yote miwili.

Mélissa alibaki na Généreuse, alitaka mikate. Tukaondoka wawili. Badala ya kushika njia ya nyumbani, Baba Mélissa aliingia kwenye maegesho ya maduka fulani, akazima gari.

Nilidhani anataka kunigombeza, nikamtangulia. Nilimwaga vyote vya miaka sita. Nilimwambia ni mtu mwenye wivu. Nilimwambia kocha gani anawaonea kijicho vijana kwa sababu yeye alivunjika goti. Nilimtajia Léonard, nikamtajia wale watatu wa Uholanzi kwa majina, maana nimeyasoma kwenye magazeti yake ya zamani. Nikamalizia: "Leo nimekuokoa na wivu wako. Sema asante."

Alisubiri nimalize. Akatoa kwenye mfuko wa shati karatasi ya faksi iliyokunjwa mara nne, akanipa.

Ilitoka ofisi ya ligi. Ilikuwa imeingia Alhamisi dukani kwa Madatali, Madatali akiwa nyumbani kwake Mississauga. Baba Mélissa ndiye aliyeikuta, alikuwa pale anasaidia kushusha mazulia. Ilisema Armel ana kadi tatu za njano. Mbili tulizijua. Ya tatu refa wa mechi iliyopita aliiongeza kwenye ripoti, kwa sababu Armel alimfuata mpaka kwenye gari lake na kumtukana. Kwa hiyo Armel amefungiwa mechi moja. Mechi ya Jumamosi.

Niliisoma mara mbili. Mara ya pili sikuona herufi.

"Armel anajua?"

"Hajui. Ningemwambia baada ya mechi. Wenzake wangejua kwamba hawezi kuingia hata kipindi cha pili, wangeingia uwanjani wamekwisha kufungwa."

"Na Madatali?"

"Madatali angesema mpange, nani atasoma."

"Na mimi je? Mimi mke wako."

Aliutazama usukani. "Wewe ungeniomba," akasema. "Na mimi ningempanga."

Nilimwuliza kwa nini hakumtoa Armel alipomwona. Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza vijana mazoezini. Mchezaji aliyefungiwa akishakanyaga nyasi, mechi imepotea, hata akikaa dakika moja. Kumtoa kungekuwa kuwaonyesha watu tu. Brice alimwinua kabla hajaikumbuka kanuni hiyo. Ndiyo maana alikaa. Dakika themanini na tano alitazama mechi aliyojua tumekwisha kuipoteza, huku watu wanacheza ngoma mgongoni kwake na mke wake anamkazia macho.

Ningemwomba radhi pale pale. Sikumwomba. Mimi nikiogopa huuliza maswali ya ofisini.

"Adhabu ni nini?"

"Pointi zinakwenda. Kocha aliyesaini, mwaka mmoja."

Kocha aliyefungiwa mwaka mmoja hana kazi. Asiye na kazi hana barua, na iliyo kwenye mkoba wangu inakuwa uongo.

Akasema Jumatatu asubuhi atawapigia ligi mwenyewe. Nikamwambia asithubutu. Akasema hajawahi kushinda mechi kwa wizi. Nikamwambia mimi sijawahi kupoteza mtoto kwa ajili ya mechi. Tulibishana mle garini mpaka vioo vikafanya ukungu, na mwisho nilimshika mkono nikamwomba kama ombaomba. Akakubali kusubiri mpaka Jumatano. Jumatatu mimi niipeleke barua.

Niliipeleka. Nilipanda mabasi mawili, nikaituma kwa posta ya rejista, nikapewa risiti. Niliihesabu ile risiti kuwa ushindi.

Jumanne saa sita mchana nilikuwa namkata kucha bibi mmoja kazini, nikaitwa kwenye simu. Alikuwa Madatali. Gazeti la michezo la mtaani lilikuwa limechapa matokeo na majina ya wafungaji. Yule refa aliyetukanwa alilisoma gazeti hilo akinywa kahawa. Akaliona jina la Armel, mara mbili. Armel angecheza asifunge, jina lake lisingechapwa. Mabao ndiyo yaliyotuchongea.

Kamati ingekaa Jumatano, saa kumi na mbili jioni.

"Mama, ile fomu aliandika nani?" Madatali akauliza.

"Mimi."

"Alikutuma yeye?"

Nikageuka kuangalia mlangoni. Bibi wa kucha alikuwa ananiita kutoka chumbani.

"Basi vizuri," akasema. "Sema ulikosea. Katibu akikosea kunakili, timu inanyang'anywa pointi, kocha anabaki. Likiwa kosa la kocha, mimi nitawaandikia uhamiaji kwamba sina kocha. Usinichukie, mama. Mimi nina duka, nina watu wanaokula kwangu, siwezi kuonekana nimedanganya serikali."

Simchukii. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi zaidi.

Nilimweleza Baba Mélissa jioni ile ile. Nilimwambia nitasema nilikosea, na ni karibu na ukweli, maana kukosea nilikosea. Akasema, "Sawa." Nilifanya mazoezi ya sentensi yangu ya Kiingereza kwenye basi, kazini, bafuni: nilinakili vibaya, naomba radhi. Sijawahi kufurahia kukiri kosa kama siku ile.

Ofisi ya ligi ilikuwa katikati ya mji, ghorofa ya pili; tukajiandikisha kwa kijana wa mapokezi, tukaingizwa. Wanakamati walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa mzee mwembamba, mpole, na upole wake haukunipa nafuu. Sisi tulikaa upande wa pili: mimi, Baba Mélissa, na Madatali aliyevaa suti ya harusi.

Kabla hajauliza lolote, mwenyekiti aliigeuza fomu yangu ili tuione. Akasema ameikagua kwa makini. Katibu anaweza kunakili vibaya jina moja, huwa inatokea. Lakini hapa namba tisa amewekwa Armel na namba sahihi ya kadi yake, na Brice amehamishiwa akiba na namba sahihi ya kadi yake. Mtu aliyefanya hivi, akasema, alijua anachokifanya.

Unadhifu wangu mwenyewe. Ningeandika ovyo ovyo ningepona.

Akaendelea kusoma kwenye kitabu cha kanuni, polepole, labda kwa sababu yetu sisi wageni. Kocha akimpanga aliyefungiwa, adhabu ni mwaka mmoja. Lakini mtu mwingine akiandika jina juu ya sahihi ya kocha bila idhini yake, huko ni kughushi. Jambo la kughushi ligi haiadhibu yenyewe. Inalipeleka polisi.

Madatali alikohoa. Sikumtazama. Sentensi yangu ya Kiingereza ilikuwa imekufa kinywani. Nilikuwa nawaza mtu anayeomba kibali huku ana kesi ya kughushi, na sikuhitaji mwanasheria kuniambia jibu.

"Nani aliandika jina hili?" mwenyekiti akauliza.

Nilifungua kinywa. Nawaapia nilikifungua ili niseme mimi.

Baba Mélissa alikuwa amekwisha kusimama. Goti lile humsumbua akikaa sana, alisimama akishikilia kiti.

"Mimi," akasema. "Nilimpanga mimi na nikaandika mimi. Mke wangu alipeleka karatasi tu."

Mwenyekiti alimtazama. "Ulijua amefungiwa?"

"Nilijua. Faksi niliipokea mimi."

Madatali akainamisha uso akawa anatazama viatu vyake. Wanakamati wakaandika. Nilisikia kalamu tatu zikienda kwa pamoja, na kila moja ilikuwa inamfuta mume wangu. Klabu nne zilimfukuza kwa kukataa kumpanga mshambuliaji. Hii ya tano ingemfukuza kwa kumpanga, na yeye hakumpanga.

Nilivuta shati lake kwa chini akae, niseme. Akautoa mkono wangu bila kunitazama.

Nikajiambia basi, imekwisha. Hakuna kazi, hakuna kibali, nitarudi Bujumbura, lakini hakuna polisi. Nilianza hata kupanga nani atamsuka Mélissa nywele Uholanzi. Ndivyo kichwa changu kinavyofanya kazi, hata nikiwa nazama kinapanga ratiba.

Mwenyekiti akaweka kalamu yake chini. Akaichukua fomu, akaisogeza karibu na taa, akaitazama sana. Kisha akachana karatasi tupu kwenye daftari, akaisukuma mbele ya Baba Mélissa, na kalamu juu yake.

Akamwomba aandike pale namba tisa, na jina la Armel, na namba ya kadi.

Baba Mélissa alikaa, akaandika. Herufi zake ni kama vijiti vilivyomwagika. Namba ya kadi hakuikumbuka, akaiacha.

Mwenyekiti akaziweka karatasi mbili bega kwa bega. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakusema zinafanana, hakusema hazifanani. Akachana karatasi ya pili, akaisukuma upande wangu.

"Sasa wewe, bibi. Maneno yale yale."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama ukuta. Nikiandika kwa mwandiko wangu, yeye ni mwongo mbele ya kamati na mimi ni wa polisi. Nikikataa kuandika, nimekwisha kujibu.

Nikaishika kalamu kwa mkono wa kushoto.

Tangu nizaliwe sijaandika kwa mkono huo. Niliandika tisa, ikalala. Niliandika A, nikaandika r, herufi zikiteremka kama mlevi kwenye ngazi, na jasho likinidondokea juu ya karatasi. Nilipomaliza nikaweka kalamu na kuificha mikono yote miwili chini ya meza.

Mwenyekiti hakuichukua karatasi yangu. Aliitazama pale pale ilipo, kisha akamgeukia kijana wa mapokezi aliyesimama mlangoni, akamwambia kwa sauti ile ile ya upole:

"Niletee kitabu cha wageni. Bibi alijiandikisha alipoingia."